Mjenzi Aliyemsemesha Mume Wangu

Mimi nina wivu. Nalisema mapema ili mtu asije akashangaa mbele ya safari. Sina ule wivu wa kuchungulia simu ya mtu wala wa kunusa mashati. Huo niliumaliza ujanani, na kwa mume niliyenaye ulikuwa kazi bure. Wivu wangu kwa miaka mingi ulikuwa wa nyumba. Nashona mapazia mjini Nakuru, na kazi ya mapazia haifanywi kwa kukaa dukani tu. Lazima uende kwa mteja na futi yako, uvue viatu mlangoni, upande kwenye kiti chake upime madirisha. Nimeingia nyumba za watu wengi kwa njia hiyo. Nimeona majiko yenye chumba kizima cha kuwekea unga, nimeona bafu lenye dirisha linalotazama ziwa, kisha nimepanda boda nikarudi kwenye vyumba vyangu vya kupanga huko mtaa wa Free Area, ambako nikifungua kabati inabidi mtu mwingine ahame. Njiani nilikuwa nikinung'unika peke yangu. Nilikuwa nikisema, huyu mwanamke amenishinda nini?

Kwa hiyo wakati wetu wa kujenga ulipofika, niliushika kwa mikono miwili.

Kiwanja kilikuwa cha mume wangu. Ni sehemu aliyoachiwa na baba yake kule Longonot, upande wa chini wa reli, mahali penye vichaka vya leleshwa na vumbi jepesi la kijivu linaloingia hadi kwenye meno. Mlima unauona wote kutoka chini hadi juu. Yeye mwenyewe hutengeneza breki za malori Mai Mahiu, pale ambapo magari hufika kutoka mteremkoni magurudumu yakitoa moshi. Alikuwa anakuja Nakuru Jumamosi jioni na kuondoka Jumatatu asubuhi, na hivyo ndivyo tulivyolea watoto hadi wakatoka nyumbani.

Mume wangu si mtu wa maneno. Wanawake wengi husema hivyo kuhusu mume anayenuna, lakini wangu hanuni. Ana furaha yake, ila haina sauti. Ukimwambia habari anasema "sawa," ukimwuliza swali anasema "tutaona," na akipenda chakula anaongeza. Nilimzoea. Nilijiambia kwamba kuna waume wanaoongea siku nzima na hakuna la maana wanalosema, basi afadhali wangu. Niliyasema hayo mara nyingi mpaka nikayaamini.

Siku aliyoniambia tujenge, alisema hivi: "Tafuta fundi wewe. Wewe ndiye unaingia kwa nyumba za watu." Kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba. Nami nilifurahi, kwa sababu kweli hakuna aliyejua mafundi wa Nakuru kuliko mimi, na nilijua kwa njia ambayo wao wenyewe hawakuijua. Dirisha linaweza kuonekana limenyooka kwa macho, mwenye nyumba akalisifu na wageni wakalisifu. Lakini nikitundika pazia, pindo linakaa juu upande mmoja na kugusa sakafu upande wa pili, na hapo najua fundi aliyejenga alikuwa na haraka. Wateja huniambia mimi ndiye nimeshona vibaya. Nimebishana sana na watu kwa makosa ya mafundi.

Fundi wa kwanza kutajwa alikuwa shemasi wa kanisani kwetu. Nusu ya waumini wanalala chini ya mabati aliyopiga yeye, na kumwacha ukachukua mwingine ni kama kukataa kusalimia mtu. Lakini shemasi ana nyumba moja kichwani mwake. Vyumba vitatu, sebule katikati, mlango mbele, mlango nyuma. Ukiingia kwa katibu wa kanisa, ukatoka ukaingia kwa mwenyekiti wa kina mama, unaweza kwenda chooni bila kuuliza. Na madirisha yake nilikuwa nimeyapima. Nilimweka pembeni, nikawa namkwepa baada ya ibada.

Wa pili alikuwa kijana aliyekuja dukani na simu kubwa, akanionyesha picha za nyumba zenye nguzo kama za benki. Nilimwuliza, "Hii umejenga wapi?" Akasema, "Mathe, hizi ni projects ziko ongoing." Nikamwuliza hizo kazi zinazoendelea ziko wapi. Akaniambia ni mahali mbali. Nilimshukuru nikaendelea na cherehani yangu.

Wa tatu nilimpata kupitia madirisha. Nilikuwa nimeitwa kwenye nyumba moja upande wa Njoro, nyumba isiyo kubwa, na nikapima dirisha la sebule juu na chini. Vipimo vikalingana. Nikapima la chumba cha kulala, vikalingana. Nikadhani futi yangu imelegea, nikaomba ya mwenye nyumba, nikarudia, na bado vikalingana. Nilikaa kwenye kitanda cha watu nikamwuliza mama mwenye nyumba ni nani aliyemjengea.

"Ni mwanamke," akasema, na akashusha sauti kama anayetaja ugonjwa wa jirani. "Watu wanamwita tu Injinia."

Nikachukua namba siku hiyo hiyo. Hilo naomba lieleweke vizuri. Hakuna aliyeniletea huyu mwanamke. Nilimtafuta mwenyewe, nikampigia mwenyewe, nikampangia siku ya kuja Longonot, na nikapika chai ya kumpeleka. Mpaka leo nikikumbuka ile chupa ya chai nasikia vibaya.

Alikuja Jumapili mchana kwa pikapu yake. Alikuwa wa umri wa miaka arobaini hivi, mrefu, buti za kazi zilizooshwa, kofia ya jua, na kucha fupi zilizopakwa rangi nyekundu. Nilitazama kidole cha pete nikakuta hakina kitu, lakini mafundi wengi huvua pete wakiwa kazini, kwa hiyo sikujua zaidi ya nilivyojua mwanzo. Alitusalimia kwa heshima, akanywa chai akiwa amesimama, kisha akatoa mfuko wa chokaa nyuma ya gari.

"Mimi sichori nyumba kwa karatasi kabla watu hawajaingia," akasema. "Leo mtaingia. Nitamwaga chokaa, halafu mtatembea ndani mniambie mnaishi aje."

Nikaanza kumweleza. Nilikuwa na mengi, nilikuwa nimeyakusanya kwa miaka mingi kwenye nyumba za wenzangu. Chumba cha unga, dirisha la bafu, kila kitu. Alinisikiliza na kuandika. Halafu akamgeukia mume wangu, ambaye alikuwa amesimama karibu na gari akitazama mlima.

"Mzee, hapa ardhi imewahi kupasuka?"

Nilikuwa nafungua mdomo niseme hapana. Tumekuwa tukija pale kupanda maharagwe na mahindi tangu nilipoolewa, na sikuwahi kuona ufa hata wa kuingiza kidole.

"Imepasuka," mume wangu akasema.

"Wapi?"

Akatoka pale alipokuwa, akapita katikati yetu, akaanza kutembea kwenye nyasi akionyesha kwa mguu. "Ilitokea kule kwa reli, ikapita hivi, ikashuka hivi. Nilikuwa mtoto. Mvua ilinyesha wiki nzima. Tulilala nyumba ikiwa hapa na jiko la mama likiwa pale, na asubuhi tukakuta ardhi imefunguka katikati. Mama alikuwa ameamka mapema kuwasha moto, kwa hiyo yeye alikuwa upande wa jiko na sisi tuko upande wa nyumba."

Injinia alikuwa anaandika. "Ilikuwa pana?"

"Mtu mzima angeruka. Lakini mama alikataza mtu yeyote asiruke. Chini ulikuwa huoni mwisho. Alitupitishia chai kwa mkono, kikombe kimoja, anarudi, kikombe kingine. Tukanywa tumesimama tukimwangalia. Baba alikuwa kazini. Tulikaa hivyo mpaka akarudi, mama upande ule, sisi upande huu, na alikuwa anatuimbia tusilie."

Nilikuwa nimeshika kifuniko cha chupa ya chai na nilikisahau mkononi. Huyo mama anayemzungumzia alikuwa mama mkwe wangu. Nimekaa naye, nimemwuguza, nimemwosha mwili wake alipokuwa hawezi kuinuka, na nilikuwa nimemshika mkono siku ya mwisho. Hakuna aliyeniambia kwamba aliwahi kusimama ng'ambo ya ufa akiwapa watoto chai. Na mume wangu alilala kando yangu miaka yote hiyo na hadithi hiyo ndani yake, akaitoa mchana peupe kwa mwanamke mwenye buti ambaye hata jina lake halisi alikuwa hajaliuliza.

Basi ikawa kama bomba lililofunguliwa. Injinia akaisogeza nyumba yote juu, mbali na ule mstari wa ufa, akamwaga chokaa, na mume wangu akawa anatembea naye chumba kwa chumba. Mlango usitazame mashariki kwa sababu upepo wa Julai unaingia na vumbi lote. Meza ya chakula ikae karibu na jiko kwa sababu yeye hapendi kuita mtu kutoka mbali. Kila alilosema alilieleza sababu. Nilimfuata nyuma nikipita kwenye milango ya chokaa, na mara mbili nilikanyaga ukuta.

Walipofika kwenye chumba chetu cha kulala, Injinia akauliza dirisha liwe wapi. Mume wangu akafikiri, akasema, bila kunitazama:

"Huyu akiamka hataki kusemeshwa. Anataka kikombe chake na mahali pa kukaa peke yake kabla watu hawajaamka. Pale Nakuru anakaa kwa ndoo ya maji imefunikwa, karibu na mlango. Umwekee mahali."

Ni kweli. Nilikuwa nakaa kwenye ndoo. Lakini nilikuwa nakaa hapo wakati yeye amelala, kwa sababu siku zote nilidhani amelala. Kumbe alikuwa ananitazama kutoka kitandani, Jumapili baada ya Jumapili, na hakuwahi kusema neno. Mwingine angefurahi kusikia hivyo. Mimi nilichukia, kwa sababu jambo lililonihusu mimi, na mimi nikiwa nimesimama hapo hapo, aliambiwa mwingine.

Jioni tuliporudi Nakuru nilipika ugali na kabichi, nikakaa mbele yake. Nikamwuliza, "Huo ufa, mama aliogopa?"

"Mm."

"Alikuwa anaimba wimbo gani?"

"Za zamani." Akaomba chumvi.

Nilimpa chumvi na nikaamua hapo hapo kwamba yule mwanamke hatajenga nyumba yangu.

Asubuhi nilimweleza jirani yangu wa dukani, mama anayeuza vifungo na zipu. Ni rafiki yangu na hana huruma. Alicheka mpaka akashika meza.

"Unaogopa atakunyang'anya mzee? Na vile umekuwa ukilalamika hata redio inaongea kumshinda?"

"Siogopi amchukue."

"Sasa unaogopa nini?"

Nikamwambia ukweli, kwamba kama angemshika mkono ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, ningeita wazee, watu wangenihurumia. Lakini nimshtaki kwa nini? Kwamba alimwuliza mume wangu swali na mume wangu akajibu? Mama wa vifungo aliacha kucheka, akasema, "Hiyo ni mbaya," kisha akahudumia mteja.

Nilimrudia shemasi. Alifurahi sana, akasema alijua tu Bwana angenielekeza. Jumapili iliyofuata tukaenda naye Longonot baada ya ibada. Shemasi hakutoa chokaa wala karatasi. Alitembea kwa hatua zake, akihesabu kwa mdomo, akaweka jiwe hapa na jiwe pale. "Sebule hapa, kama ile ya katibu. Hapa master bedroom. Hapa veranda, mzee akae na wageni wake." Kisha akamgeukia mume wangu. "Ama namna gani, mzee?"

"Sawa," mume wangu akasema.

Nikatazama yale mawe. Shemasi alikuwa ameweka nyumba juu ya ule mstari. Ufa ulikuwa unapita katikati ya sebule na kutokea chumbani kwetu, pale ambapo kitanda kingekaa. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameweka mikono mifukoni, anaangalia ardhi, na hakuna kilichosogea usoni mwake. Nikangoja. Nilifikiri atasema sasa hivi, nikampa muda, nikamfungulia shemasi soda. Hakusema. Shemasi akainamisha kichwa kuombea kiwanja na mume wangu akainamisha chake.

Baada ya amina nikasema mimi. "Fundi, hapo ardhi ilipasuka zamani."

"Tutaweka nondo nyingi," shemasi akasema. "Usijali, mama. Hii ardhi tumeshaiombea."

Tulipobaki wawili, hasira yangu ilikuwa haina mahali pa kukaa. Nikamwambia mume wangu, "Umeona mahali ameweka nyumba?"

"Nimeona."

"Na ukanyamaza. Tulale juu ya shimo?"

Akainua mabega. "Hakuniuliza."

Nilikuwa nimemwuliza mambo mangapi, mimi? Nilikuwa nimemwuliza mambo tangu siku ya harusi. Lakini nilielewa kitu kimoja pale kwenye kiwanja, na nilikielewa kwa uchungu. Nikimchukua shemasi, nitapata nyumba juu ya ufa na mume aliyenyamaza ndani yake. Nikimchukua yule mwingine, nyumba itakaa mahali pazuri, na mume wangu ataongea. Hataongea na mimi, lakini nitakuwepo. Nilimpigia Injinia kutoka stendi ya Naivasha tukisubiri gari, nikamwambia aanze kazi akiwa tayari. Akasema, "Asante, mathe." Mume wangu alisikia. Alininunulia mahindi ya kuchoma bila mimi kuomba.

Ujenzi ulipoanza nilifunga duka kila Jumamosi na kwenda Longonot. Nilikuwa naketi kwenye mawe ya kujengea na kofia yangu, na kitambaa cha mteja magotini cha kupiga pindo, ili nionekane nina kazi. Injinia alikuwa anamwuliza mume wangu mambo ya kawaida kabisa. Tangi la maji likae wapi? Ng'ombe walikuwa wanapita upande gani? Naye, kwa kujibu tangi, alisimulia alivyokuwa akichota maji na dada yake kwenye bomba la stesheni. Kwa kujibu ng'ombe, alisema kwamba aliwahi kupenda msichana mmoja wa Kimaasai aliyepitisha mbuzi hapo, na kwamba hakuwahi kumsalimia. Nilijichoma sindano. Nilikuwa na wivu kwa yule msichana, nilikuwa na wivu kwa Injinia, na hata yale mawe niliyokalia niliyaonea wivu, kwa sababu yalikuwa hapo siku ambazo mimi sikuwepo.

Maana kulikuwa na siku hizo. Mai Mahiu na Longonot si mbali. Jumamosi moja Injinia akasema, "Kama vile mzee aliniambia Wednesday..." Nikauliza, Wednesday ipi? Kumbe mume wangu alikuwa anatoka kazini mchana, anapanda lori la mtu, anakuja kuona ukuta. Wiki iliyofuata nami nikawa naenda Jumatano. Wateja wakaanza kulalamika. Mmoja aliniambia mapazia yake ya harusi yatafika mtoto akiwa darasa la kwanza.

Siku moja mume wangu alichelewa, tukabaki wanawake wawili. Mafundi walikuwa wanakula githeri upande wa nyuma. Injinia alikaa kando yangu, akavua kofia. Alikuwa mchovu, na kwa karibu niliona ana mvi zaidi yangu.

"Mathe, kuna kitu unataka kuniambia? Tangu tuanze unaniangalia tu."

Nikasema, "Unampa nini?"

"Nani?"

"Mzee. Nyumbani haongei. Kwako anamwaga kila kitu."

Hakucheka, na nilimchukia kidogo kwa kutocheka, kwa sababu angecheka ningejua pa kuanzia ugomvi. "Mimi namuuliza kitu ya kazi," akasema. "Halafu naandika. Mtu akikuona unaandika anaongeza. Na simwangalii usoni. Wanaume wengi ukiwaangalia wanafunga. Angalia ukuta, uliza, utaona."

"Ni hivyo tu?"

"Ni hivyo tu." Akavaa kofia. "Wangu pia alikuwa haongei. Huyo sikuwahi kumuuliza kitu, tulikuwa tunagombana tu." Alisimama akaenda kukagua zege, na sikumwuliza zaidi, ingawa nilitaka.

Jumapili hiyo Nakuru nilijaribu. Nilikaa upande mmoja na mume wangu, nikatazama ukuta, nikauliza kama dada yake alipenda shule. Naye akatazama ukuta. Akautazama kwa makini sana. Akainuka, akaugusa kwa kiganja, akasema, "Unyevu unaingia hapa?"

Nyumba ilipanda. Ilipofika kwenye mabati nikaanza kuingiwa na hofu ambayo mwenye nyumba hapaswi kuwa nayo. Wenzangu wakiona mabati wanapiga vigelegele. Mimi nilihesabu kilichobaki. Nikasema dirisha la jikoni liongezwe upana. Injinia akaliongeza, na mume wangu akaongea juu ya dirisha siku nzima. Nikasema chumba cha unga kiwe na rafu za mbao badala ya saruji. Nikasema ngazi ya mlango wa nyuma ni kali. Mama wa vifungo aliniuliza kwa nini nyumba ya watu wawili inajengwa kama kanisa kuu, nikamwambia anyamaze. Mwishowe Injinia alinivuta kando.

"Mathe, nyumba imeisha. Nikiendelea nitakuwa nakuibia."

Alinikabidhi funguo mimi, si mume wangu. Sijui kama alifikiri ananifurahisha. Mume wangu alimshika mkono kwa mikono yake miwili na akamshukuru kwa maneno marefu, ya mpangilio, kama mtu aliyejiandaa. Alimwambia kwamba mama yake angekuwa hai angeingia nyumba hii bila woga. Mimi nimemzalia mtu huyu watoto na sijawahi kushukuriwa hivyo. Nilisimama mlangoni mwa nyumba niliyoitamani nusu ya maisha yangu, nikitabasamu, na meno yalikuwa yananiuma kwa kuyabana. Pikapu ilishuka kuelekea barabara kuu, na mume wangu aliitazama mpaka vumbi lake likatulia. Kisha akaingia ndani akasema, "Sawa."

Tulihamia. Mapazia nilishona mwenyewe na yakaning'inia sawasawa. Yeye sasa analala nyumbani kila siku, Mai Mahiu ikiwa karibu, na mimi naenda Nakuru siku chache kwa wiki. Kila mtu anayekuja anasifu. Kila mgeni anasema nina bahati, na wengine wanavyopapasa kuta zangu najua kabisa wanavyojisikia, kwa sababu nimejisikia hivyo kwa wengi. Usiku tunakula. Anaongeza chakula. Anaenda kulala.

Asubuhi moja, tukiwa mezani, nilikuwa nimefikiria swali tangu siku iliyotangulia. Nilijua ni lazima liwe la kazi. Nilikuwa nimenunua kijitabu na kalamu, nikaviweka mbele yangu. Nikatazama nje, si usoni kwake.

"Nataka banda la kuku," nikasema. "Tuliweke wapi, kwa ajili ya upepo?"

Akaweka kikombe chini. Kwa pembe ya jicho niliona ameinua kichwa. Ameanza kufikiri, kweli kabisa, uso wake umefunguka kama ulivyokuwa ukifunguka pale kwenye chokaa. Nikashika kalamu.

"Hiyo ni swali nzuri," akasema, na akatoa simu mfukoni. "Ngoja tuulize Injinia."

Ilikuwa inaita tayari. Nilifikiri kumnyang'anya. Nilifikiri kuondoka mezani, kwenda kukaa kwenye kiti changu cha dirishani, kile alichoniwekea Injinia kule chumbani, na kufunga mlango. Yule mwanamke akashika simu, nikamsikia kwa mbali akisema, "Mzee, habari ya nyumba?"

"Weka loudspeaker," nikamwambia mume wangu.

Akaiweka katikati ya vikombe. Akaanza kumweleza jinsi upepo wa Julai ulivyowahi kubeba banda zima la kuku la mama yake, na kuku wakiwa ndani, na mimi mwenye nyumba nikavuta kiti changu karibu na simu.